Kuutambua Mkuyu kwa Majina na Alama Zake, Kisha Kuupanda

Makosa mengi ya upandaji wa mkuyu huanzia kwenye jina, kabla hata shimo halijachimbwa. Mwenye shamba anataka mkuyu wa kivuli na wa kushika kingo za kijito. Analetewa vipandikizi vya mti mwingine wa jamii hiyohiyo kwa sababu aliyevikata naye huuita mkuyu. Tofauti huonekana miaka kadhaa baadaye, mti ukiwa umeshatia mizizi chini ya msingi wa nyumba. Kwa hiyo tunaanza na majina, tunakwenda kwenye alama za mti wenyewe, ndipo tufike kwenye vipandikizi, mbegu na shamba.

Majina, na miti inayojificha nyuma yake

Mti tunaouzungumzia kitaalamu ni Ficus sycomorus, jina lililotolewa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. Ni wa familia moja na mforosadi na mfenesi. Kwa Kiswahili ni mkuyu, na tunda lake ni kuyu. Wagikuyu na Wakamba husema mũkũyũ, Wajaluo ng'owo, Wamaasai orng'aboli, Waoromo odaa, Wasomali berde. Ukivuka mbali zaidi utasikia shola kwa Kiamhari, jummeiz kwa Kiarabu, baure kwa Kihausa, muonde kwa Kishona na umkhiwane kwa Kizulu. Wachewa wa Malawi nao husema mkuyu.

Orodha hiyo itumie kuanzisha mazungumzo na wenyeji, usiichukue kama uthibitisho. Shola na umkhiwane hutumika pia kwa Ficus sur, ndugu wa karibu anayeota kando ya maji yaleyale, na hata neno mkuyu lenyewe katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hubeba miti yote miwili bila mtu kuona tatizo. Ficus sur ni mti mzuri, lakini ukiwa unahitaji mmoja ukaletewa mwingine, kazi yako ya mbegu na kumbukumbu imeharibika. Ukisoma vitabu vya zamani utakutana na majina mawili ya kuangalia: Ficus capensis, ambayo leo ni Ficus sur, na Ficus gnaphalocarpa, ambayo wataalamu wengi sasa wanaihesabu kuwa mkuyu wetu huuhuu, aina ndogo ndani yake.

Mugumo wa Wagikuyu ni habari nyingine kabisa. Jina hilo ni la mitini-pori inayoanza maisha juu ya mti mwingine, hasa Ficus natalensis na Ficus thonningii. Mutuba wa Waganda, unaotoa kitambaa cha gome, ni Ficus natalensis. Umuvumu wa Wanyarwanda ni Ficus thonningii. Hii yote ina utomvu mweupe na vitunda vidogo, na mtu mwenye haraka huiweka kwenye kapu moja na mkuyu. Mtini wa bustanini, wenye tini za kuuzwa zikiwa zimekaushwa, ni Ficus carica. Jani lake limegawanyika kama vidole, kwa hiyo ni rahisi kuutenga.

Mkanganyiko mkubwa kuliko yote unatoka kwenye Kiingereza. Ukiagiza mbegu au ukisoma maelezo yaliyotafsiriwa na kukuta "sikamori", jua kwamba neno hilo Uingereza linamaanisha Acer pseudoplatanus, na Marekani Kaskazini linamaanisha Platanus occidentalis. Hiyo yote miwili haina undugu na mkuyu, haina utomvu mweupe wala makuyu, na maelekezo ya kuitunza hayakufai. Sikamori aliyoikwea Zakayo kule Yeriko ndiyo mkuyu, na Biblia ya Kiswahili imelitafsiri hivyo. Kanuni ya kufuata ni nyepesi: usinunue mbegu wala mche ambao karatasi yake haikuandikwa Ficus sycomorus kwa ukamilifu. "Ficus" peke yake haitoshi, kwani ni jenasi, yaani kundi la miti yenye undugu, yenye spishi zaidi ya 700.

Majina ya mahali yanasaidia kidogo katika kutafuta mti wa mbegu. Makuyuni mkoani Arusha, Mkuyuni ya Mwanza na Makuyu ya Murang'a yanadokeza mti uliokuwa ukionekana sana hapo watu walipoanza kupaita. Hayakuhakikishii kwamba bado upo.

Unapomuuliza mwenyeji, usimtajie jina kwanza. Ukisema "Huu si mkuyu?" atakuitikia kwa adabu na utaondoka na jibu lako mwenyewe. Muulize: "Mti huu mnauitaje?" Kisha muulize mambo matatu: jani lake linakwaruza? Uliota ardhini au juu ya mti mwingine? Matunda yake yanakaa wapi, penye majani au kwenye shina? Waulize watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Andika jina walilokupa pamoja na lugha yao na mahali, kwa sababu jina bila lugha halina kazi mbele ya mtu wa mkoa mwingine.

Kuukagua mti

Anza na utomvu. Chana kijiti chembamba au konyoa jani. Maziwa meupe yatoke mara moja. Yasipotoka, huo si wa jamii ya mkuyu. Yakitoka, bado hujathibitisha kitu, maana mimea mingi yenye sumu, minyaa ikiwemo, nayo hutoa maziwa. Usijipanguse machoni, na nawa kwa sabuni kabla utomvu haujakauka. Ukikauka unanata na kuwasha ngozi za watu wengine.

Tazama ncha ya tawi changa. Chipukizi hufunikwa na kifuniko chembamba chenye ncha kali, kikidondoka kinaacha alama ya pete kuzunguka kijiti. Utomvu mweupe na pete hii vikiwa pamoja, uko kwenye jenasi ya Ficus. Kuanzia hapo unatafuta spishi.

Shika jani lililokomaa ulisugue kwa kidole kutoka kikonyoni kwenda nchani. La mkuyu hukwaruza kama msasa laini. Umbo lake ni la yai pana au karibu na duara, chini limejikunja kama moyo, na mishipa mikuu mitatu inaanzia pamoja pale linapoungana na kikonyo. Ukingo wake ni mzima au una mawimbi madogo. Ficus sur jani lake ni laini likishikwa, mara nyingi ukingo una meno makubwa yasiyolingana, na majani machanga hutoka yakiwa mekundu ya shaba. Usipime kwa majani ya chipukizi zilizotoka kwenye kisiki au kwenye mche mdogo: hayo huwa makubwa, yana meno hata kwenye mkuyu, na yamewapotosha wengi.

Gome ndilo linalotambulika kwa mbali. La mkuyu ni la manjano, wakati mwingine likielekea kijani au rangi ya machungwa, na hubanduka kwa vipande vyembamba kama karatasi. Shina la Ficus sur huwa la kijivu. Katika mti mzee wa mkuyu shina hupanuka chini kwa mbavu nene, matawi hutanda mbali kwa ulalo, na urefu hufika mita 20 au zaidi. Hautelemshi mizizi ya hewani wala haukumbatii mti mwingine mpaka ukafa. Ukiona mizizi iliyofumana kama wavu kuzunguka shina, rudi kwenye kundi la mugumo.

Makuyu yenyewe hukaa mahali pawili. Katika aina moja hutoka kwa vichala kwenye vijitawi visivyo na majani, juu ya shina na matawi makubwa. Katika aina nyingine, ile iliyoitwa gnaphalocarpa, hukaa mojamoja kwenye kwapa za majani. Kwa hiyo "matunda yako shinani" si sharti la mkuyu, na kinyume chake vichala vikubwa vya shinani ni kawaida kabisa kwa Ficus sur. Kuyu lililokomaa lina upana wa sentimita 2 hadi 5, lina manyoya mafupi, na huiva kwa rangi ya manjano iliyochanganyika na wekundu.

Alama moja haitoshi. Jani la kukwaruza, gome la manjano linalobanduka, na mti uliosimama kwa mizizi yake mwenyewe ardhini: ukizipata zote tatu, unaweza kukata kipandikizi bila wasiwasi. Ukipata mbili tu, hifadhi sampuli. Kata kijiti cha sentimita 30 chenye majani na makuyu, pasua kuyu moja katikati, vitandaze kati ya magazeti, weka uzito juu na ubadilishe magazeti kila siku kwa wiki nzima ili visioze. Andika tarehe, mahali, rangi ya gome na rangi ya kuyu bichi, kwa sababu rangi hupotea sampuli ikikauka. Mtaalamu wa hebario (hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa) yoyote ataweza kukupa jibu kutokana na hiyo. Picha moja ya mti mzima kwa mbali haitamsaidia.

Kilichomo ndani ya kuyu, na kwa nini kinakuhusu

Kuyu ni mfuko uliojaa maua madogo kwa ndani. Maua hayo huchavushwa na nyigu mmoja mdogo, Ceratosolen arabicus. Jike huingia kupitia tundu lililo kwenye ncha ya kuyu, akipenya magamba yaliyobanana hadi mabawa yanang'oka. Ndani anachavusha maua, anataga katika baadhi yake, na anafia humo. Wanawe wa kiume hutoka kwanza, wanajamiiana na majike yangali ndani ya vijumba vyao, kisha wanatoboa ukuta wa kuyu ili majike watoke na chavua. Ndipo kuyu linalainika na kuiva.

Kwa mkulima hii ina maana tatu. Hakuna mkuyu dume na mkuyu jike, kwa hiyo huna haja ya kupanda jozi. Mti ulio peke yake pia hautakosa wageni: Namibia ilipimwa kwamba nyigu hawa, wakichukuliwa na upepo, huvuka zaidi ya kilomita 100 kutoka mti mmoja hadi mwingine. Na mahali ambapo nyigu huyo hayupo, kama Misri, makuyu hayana mbegu hai. Mikuyu ya huko yote imezalishwa na mikono ya watu kwa vipandikizi tangu zama za Mafarao, waliotumia mbao zake kwa majeneza. Mbegu za mkuyu zinazouzwa kutoka nchi hizo, basi, achana nazo.

Sumu ya kuua wadudu ikinyunyiziwa shamba la jirani wakati nyigu wanatoka, makuyu ya msimu unaofuata yatadondoka yakiwa mabichi. Ukiona mti wenye afya unamwaga makuyu madogo magumu kwa wingi, usikimbilie mbolea. Pasua kumi: ndani hakuna mbegu wala nyigu? Uchavushaji haukufanyika.

Vipandikizi virefu

Hii ndiyo njia tunayoipendekeza kwa mtu anayetaka miti michache kando ya maji au mpakani. Mti unafanana na mama yake, unatangulia mche wa mbegu kwa miaka, na ng'ombe hawafikii kilele chake kirahisi.

Kata mwishoni mwa kiangazi, mti ukiwa umepukutisha majani au ukianza tu kuvimba machipukizi, wiki moja au mbili kabla ya mvua. Chagua tawi lililonyooka, hai, lisilo na matundu ya wadudu, lenye unene wa sentimita 5 hadi 10 na urefu wa mita 1.5 hadi 2. Matawi membamba yaliyoota kivulini yana chakula kidogo ndani, yatachipua, yatakauka. Tumia msumeno. Panga huchana gome, na gome likiachana na mti mizizi haitoki pale.

Upande wa chini ukate mshazari, wa juu ukate wa kunyooka. Sababu ya kwanza ya kufanya hivyo ni kujua kichwa na mguu: vipandikizi vikishalundikwa kwenye mkokoteni havitambuliki, na kilichopandwa kichwa chini ni hasara. Ondoa majani yote na vijitawi. Vilaze kivulini siku moja hadi tatu mpaka utomvu ukauke kwenye jeraha, ukiwa umevifunika kwa nyasi au gunia lenye unyevu. Paka kichwa tope zito au udongo wa mfinyanzi ili maji yasitoke kwa juu.

Shimo liwe la sentimita 50 hadi 60 kwenda chini, lichimbwe kwa mtaimbo, pana kuliko kipandikizi. Usikigongelee kwa nyundo wala jiwe. Kisimamishe, rudisha udongo kidogokidogo ukishindilia kila tabaka kwa mpini, hasa chini kabisa, maana nafasi ya hewa kwenye mguu ndiyo inayokausha mizizi inayoanza. Ndoo moja ya lita 20 imwagwe mara baada ya kupanda. Mvua ikikatika, lita 10 kila siku nne au tano kwa miezi miwili ya kwanza.

Sasa tahadhari ambayo wengi huipata kwa kuchelewa. Kipandikizi cha mkuyu hutoa majani kwa akiba iliyo ndani yake, kabla hakijawa na mzizi hata mmoja. Mpandaji anaona kijani, anafurahi, anaacha kumwagilia. Kiangazi kinaingia, na majani yote yanakauka kwa wiki moja. Kijani cha mwezi wa kwanza si dalili ya kushika. Dalili ni chipukizi kuendelea kurefuka na kutoa majani mapya baada ya miezi mitatu, na kipandikizi kutotikisika ukikisukuma kwa kidole. Usikivute juu kukijaribu.

Kama umepanda kumi, acha machipukizi yote yaote msimu wa kwanza. Msimu wa pili chagua moja la juu lililosimama vizuri liwe shina, mengine uyakate karibu na gome.

Kwa kitalu, tumia vipandikizi vifupi: sentimita 25 hadi 30, unene wa kidole gumba, vyenye vifundo vinne au zaidi, viwili vikizikwa. Mchanganyiko wa sehemu mbili za mchanga wa mto na sehemu moja ya mboji iliyooza kabisa unatosha. Samadi mbichi huozesha mguu. Viweke kwenye kivuli cha nusu, udongo uwe na unyevu lakini maji yasituame, na usivihamishie shambani kabla ya miezi minne.

Mbegu

Chagua mbegu ukiwa unataka miche mingi yenye asili tofauti, kwa mfano kurejesha miti kwenye bonde zima. Hapo vipandikizi vya mti mmoja ni wazo baya, kwa kuwa ugonjwa mmoja ukiingia unaipata miti yote sawasawa.

Okota au chuma makuyu yaliyoiva kabisa, laini, yenye tundu dogo pembeni walipotokea nyigu. Kutoka miti mitano au sita tofauti ni bora kuliko mmoja uliobeba sana. Yaponde ndani ya ndoo ya maji, yaache usiku kucha, asubuhi ukoroge. Nyama, nyigu waliokufa na mbegu tupu huelea. Mimina taratibu, ongeza maji safi, rudia mara tatu au nne. Kinachobaki chini ni mbegu ndogo za manjano, za milimita moja hivi. Zichuje kwa kitambaa na uzianike kivulini siku mbili. Zipande zingali mpya.

Jaza trei mchanganyiko laini uliochekechwa, nusu mchanga na nusu mboji, na uumwagie maji ya moto sana kisha uache upoe. Hii hupunguza ukungu. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisambae sawa, zinyunyize juu, kandamiza kidogo kwa ubao. Usizifukie. Mbegu za mkuyu zinahitaji mwanga ili ziote, na tabaka la sentimita moja la udongo linatosha kuzizuia zote. Maji yapande kutoka chini kwa kuikalisha trei ndani ya beseni, au tumia kinyunyizio cha ukungu. Kopo lenye matundu litazikusanya zote pembeni. Funika kwa karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, ifungue dakika chache kila siku.

Zitaota baada ya wiki mbili hadi nne, na hazitaota siku moja. Miche ni midogo mno mwanzoni. Ikianguka ghafla ikiwa imenyongwa penye shina, huo ni ukungu wa kitalu: punguza maji, ondoa plastiki, toa iliyoanguka pamoja na udongo wake. Ikifikisha majani manne ya kweli, ihamishie kwenye mifuko ya sentimita 10 kwa 15 kwa kuishika kwa jani, kamwe si kwa shina. Ikifika sentimita 40 na shina limeanza kuwa gumu, iko tayari kwa mvua.

Mahali pa kupanda na mahali pa kukwepa

Mkuyu hupenda udongo mzito wenye maji chini: kingo za mito na vijito, mabonde, pembezoni mwa mabwawa, chini ya mteremko penye chemchemi. Hupatikana kutoka pwani hadi karibu mita 2,000. Sehemu kavu unaishi pia, mradi mizizi imefika kwenye maji ya ardhini, na hiyo ndiyo sababu ya wachimba visima kuuangalia kama alama. Alama hiyo inakuambia kuna maji. Haikuambii yako mita ngapi.

Kwenye ukingo wa kijito, panda mstari mmoja mita 2 au 3 kutoka maji ya kawaida yanapoishia, mti hadi mti mita 10 hadi 12. Karibu zaidi ya hapo, matawi yatagombana na nusu ya miti utaikata mwenyewe. Katikati ya mikuyu jaza nyasi na vichaka vya kienyeji, kwa kuwa mkuyu mchanga peke yake hauzuii udongo kwa miaka ya mwanzo.

Usipande ndani ya mita 20 kutoka nyumba, shimo la choo, tangi la chini ya ardhi, bomba la maji au ukuta wa mawe. Mizizi yake inafuata unyevu, na ufa mdogo kwenye bomba ni mwaliko. Usipande juu ya maegesho wala juu ya njia inayopitwa na watu wengi: makuyu yaliyoiva huteleza, huleta nzi, na popo hula usiku wakichafua kila kilicho chini. Kwenye kisima cha mkono, upande mti upande wa chini wa mteremko ili uchafu huo usielekee majini.

Shimo la mche wa mbegu liwe sentimita 60 kwa 60, na udongo wa juu uchanganywe na ndoo moja ya mboji. Acha kisahani cha kukusanya mvua upande wa juu wa mteremko. Weka matandazo ya sentimita 10, yasiguse shina. Mchwa ni adui mkubwa katika mwaka wa kwanza, hasa kwa vipandikizi vyenye gome lililokufa. Majivu kuzunguka shina hupunguza kidogo, lakini kinga halisi ni kutozika vipande vya mti mkavu ndani ya shimo na kuuacha udongo ukiwa na unyevu, kwa sababu mchwa hutangulia mti wenye kiu. Mbuzi wanapenda majani yake, hivyo zungushia miiba mpaka mti uvuke mita 2.

Kupogoa kusubiri mwaka wa tatu. Kata kiangazi, na mkato uwe nje kidogo ya uvimbe ulio kwenye kitako cha tawi. Vijitawi vifupi visivyo na majani kwenye shina usivikwangue ukidhani ni magonjwa au uchafu. Ndimo makuyu yatakamotoka, na mti uliosafishwa hivyo hukosa mavuno.

Kuvuna na kuchanja

Mkuyu huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na miti jirani haiendi pamoja. Chuma kuyu linapolainika kwa kidole na kubadilika rangi, asubuhi, kabla ninga na hondohondo hawajafika. Lipasue kila moja kabla ya kula: utakuta mabaki ya nyigu, na wakati mwingine funza wa wadudu wengine. Kung'uta, suuza, kula. Lililo na maji ya kahawia au harufu ya chachu mpe mifugo. Utamu wake ni mdogo kuliko wa tini, hivyo wanaokausha hupasua nusunusu na kuanika kwenye kichanja mpaka ikunjike bila kutoa maji.

Ile njia ya kale ya Misri na Cyprus ya kuchanja makuyu inastahili kuelezwa, maana watu huijaribu bila kujua inafanya nini. Kuyu bichi la takriban sentimita 2 hukatwa kipande kidogo kwenye ncha, au kuchanjwa, kwa kisu kikali kilichopinda. Jeraha hulifanya litoe gesi ya ethilini, na ndani ya siku tatu au nne kuyu hunenepa, hulainika na kuwa na utamu, kabla wadudu waliomo hawajakomaa na kutoboa. Likichanjwa changa mno haliitikii. Likichelewa, wadudu wamekwishatoka na kuchanja hakuna faida. Mahali penye Ceratosolen arabicus makuyu yanaiva yenyewe, na kuyu lililochanjwa halitakupa mbegu wala nyigu wa kuchavusha mti unaofuata. Kwa hiyo ukiamua kujaribu, chanja tawi moja la chini unaloweza kulifikia kwa ngazi na uache sehemu nyingine zote za mti.

Mbao ni nyepesi na laini. Hufaa vinu, ngoma, mizinga na vigoda, na huliwa na mchwa haraka zikigusa ardhi. Kabla ya kuangusha mkuyu wa kando ya mto, hata ulioupanda mwenyewe, pita ofisi ya misitu ya eneo lako na kwa wazee wa mahali. Katika jamii nyingi mti huu una hadhi: kwa Waoromo mikutano ya Gadaa, mfumo wao wa jadi wa utawala, hufanyika chini ya odaa, na mti huo umo kwenye bendera ya Oromia, jimbo lao nchini Ethiopia.